Siku Zana Zilipolala

Prasuna alipofika karakana asubuhi ya siku ya tisa ya sikukuu ya Mohani, alimkuta Dikpal amepiga magoti chini ya meza, anapapasa sakafu kama mtu aliyeangusha pete. Mlangoni palikuwa na mkoba wa safari uliofungwa kwa kamba. Aliuona mkoba kabla ya kumwona mwenyewe.

"Unaondoka," alisema.

"Kuna basi la saa tisa." Dikpal hakuinua kichwa. "Visu vyangu havipo."

"Havipo vipi?"

"Havipo tu, Prasuna. Jana nimeviacha hapa mezani, nimeviviringisha kwenye kitambaa chake. Leo nakuta meza tupu. Tindo zako hazipo, nyundo haipo, hata rola ya wino imekwenda. Mwizi gani anaiba rola ya wino?"

Siku nyingine wangecheka. Lakini tangu jioni ya maonyesho ya picha zao walikuwa watu wa kusalimiana, kufanya kazi na kuagana.

Huu ulikuwa mwaka wao wa pili wa kuchapa picha pamoja katika chumba kile cha chini, ndani ya ua wa zamani wa mji wa Patan, katika nyumba ya ami yake Prasuna. Prasuna alichora, akachonga ubao wa mistari myeusi. Dikpal alichonga mbao za rangi, kila rangi na ubao wake, kisha yeye ndiye aliyepaka wino, akalaza karatasi ya magome juu yake na kuisugua mgongo mpaka picha itoke. Hakuna picha iliyoweza kusimama kwa kazi ya mmoja. Ubao wa Prasuna peke yake ulitoa mifupa. Mbao za Dikpal peke yake zilitoa madoa. Mvua zikikatika walipanda basi la mashariki, upande wa kina Dikpal, Bhojpur na ng'ambo yake, wakarudi na michoro iliyolowa jasho na vumbi: daraja la mtoni, soko la vyombo vya shaba, mwanamke anapima iliki huku anamfokea mteja. Kati ya safari na safari, bila yeyote kutangaza, wakapendana.

Nyumbani kwa Prasuna, Dikpal aliitwa "yule mwenzake wa kazi". Baba yake, Mzee Tirthaman, mchonga madirisha mwana wa mchonga madirisha, alikuwa amekwisha kusema neno lake. "Kazi fanya na yeyote umtakaye. Lakini mkwe ana shughuli zake katika ukoo wetu, tangu mtoto anapozaliwa hadi mzee anapofariki na kuchomwa. Huyo wa kabila la Warai, mtu wa milimani, nani atamfundisha? Na akifundishwa, nani atamkubali?" Prasuna hakujibu. Kutojibu ilikuwa tabia yake ya tangu utotoni, na mpaka mwezi ule haikuwa imemgharimu kitu.

Kilichomponza ni penseli. Kwa desturi ya kazi yao, picha ikikauka aliyeifanya huandika jina lake kwa penseli pale chini, pembeni. Walikubaliana yawe majina mawili, bega kwa bega. Siku ya kuandika, Dikpal alikuwa amekwenda kununua wino. Mzee Tirthaman akapita na birika la chai, akasimama nyuma ya binti yake kutazama. Prasuna akaandika jina lake kwenye picha ya kwanza, akaacha nafasi. Ya pili, akaacha nafasi. Akajiambia atazijaza mzee akitoka. Mzee hakutoka upesi, picha zikaenda kwa mtia fremu, na jioni ya maonyesho Dikpal akasimama mbele ya picha zao, moja baada ya nyingine, akisoma jina moja.

Hakugomba. Alirudi karakana akamalizia kuchapa nakala zilizobaki kwa uangalifu uleule wa siku zote, na hapo ndipo Prasuna alipojua kwamba mambo ni mazito.

"Na mbao?" aliuliza sasa. Mbao zote za picha za safari zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimefutwa wino.

"Visu nilivitaka kwa ajili ya hizo." Dikpal alisimama, akapangusa magoti. "Nakala zimekwisha. Tulisema zikiisha tunazichana mbao."

Kanuni hiyo Prasuna aliijua. Ukishachapa idadi uliyoahidi, unapitisha kisu juu ya ubao kona hadi kona, ili asije mtu akachapa nyingine kwa siri. Hakuwahi kuisikia kutoka kwa mtu mwenye mkoba mlangoni.

"Ungezichana bila mimi?"

"Ningekungoja. Mstari mmoja wako, mmoja wangu. Kisha kila mtu ashike njia yake."

"Dikpal, nimeshakwambia. Picha zikirudi, fremu zikafunguliwa, nitachukua penseli na—"

"Penseli ulikuwa nayo mkononi." Alisema taratibu, kama anayemweleza mtoto hesabu. "Mimi sililii jina kwenye karatasi. Nimechapa karatasi ngapi bila jina? Nataka kujua kama nipo. Tukiwa ndani ya basi, nipo. Tukifika milimani, nipo, mama yangu anakuita kwa jina. Tukishuka hapa mjini, stendi ya Lagankhel, unaanza kutembea mbele yangu."

"Sijui kama natembea mbele."

"Mimi ninayetembea nyuma najua."

Harufu ya ubani iliingia kutoka nyumba ya pili, na kengele ndogo ikalia. Prasuna akajipiga kiganja kwenye paji la uso.

"Baba!"

"Baba gani tena?"

"Leo siku ya tisa. Leo zana zinalala. Kila zana ya nyumba inafutwa, inatiwa alama nyekundu, inawekewa maua, na haiguswi mpaka kesho. Baba ana ufunguo wa hapa. Atakuwa amepita jana jioni na kapu lake akakomba kila kilichokuwa mezani. Nilipotoka nyumbani alikuwa bado hajazipanga."

"Pamoja na vyangu?"

"Hajui vipi ni vyako."

"Mwaka wa pili huu," alisema Dikpal, akautwaa mkoba wake, "na hajui vipi ni vyangu."

Walikwenda nyumbani kwa Mzee Tirthaman. Vichochoro vilikuwa na watu wa sikukuu, pikipiki zimevishwa maua, vishada vya karatasi vinagombana juu ya mapaa. Prasuna alijitahidi kutembea naye sambamba, lakini kila alipomfikia begani alitokea mtu na sinia la sadaka, au mbuzi asiyetaka kwenda alikopelekwa, na mmoja wao akalazimika kupisha.

Mlangoni walimkuta Shangazi Hera, dada yake Mzee Tirthaman, aliyehamia pale tangu mamake Prasuna afariki. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa rojo ya dengu.

"Baba yupo?"

"Yupo, anahangaika. Mwanamume aliyenyang'anywa nyundo ni mzigo kwa nyumba nzima. Tangu asubuhi ananipangia vyungu vyangu upya." Akamtazama Dikpal juu hadi chini. "Na huyu ndiye mwenzako wa kazi? Nilidhani ni mfupi."

"Kwa nini mfupi, Shangazi?"

"Ndivyo baba yako anavyomsimulia. Karibuni, vueni viatu."

Katika chumba cha mbele mkeka ulikuwa umetandikwa ukuta hadi ukuta, na juu yake zana zimelala kwa safu. Tindo za Mzee Tirthaman, kubwa hadi ndogo. Misumeno, randa, nyundo za mti. Mkasi wa Shangazi Hera na kisu chake cha jikoni. Tindo za Prasuna na rola ya wino. Kati ya tindo za Prasuna na msumeno wa babu, juu ya kitambaa chao cha buluu kilichofunguliwa, vililala visu vya Dikpal, kila kimoja na doa lake jekundu na punje za mchele shingoni. Vilikuwa vimesafishwa. Hata mpini uliokuwa umepasuka ulikuwa umefungwa uzi mpya.

Mzee Tirthaman aliketi kando ya mkeka, mikono juu ya magoti, kama mgeni kwake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," Dikpal alisema, akaunganisha viganja.

"Marahaba."

"Samahani kwa kuingilia sikukuu yenu. Nimefuata visu vyangu. Nasafiri."

"Visu vyako." Mzee aliitazama safu. "Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Wewe nawe," Shangazi Hera alidakia kutoka mlangoni, "umeweka vyombo vya mtu baki katikati ya vya marehemu baba, umevilisha mchele wa nyumba, sasa unauliza ni hivyo?"

"Nyamaza, Hera."

"Nanyamaza. Mimi nina dengu zangu."

Lakini hakuondoka.

Mzee akajikohoza. "Kijana, mali ni yako. Ukitaka kuchukua, sitakushika mkono. Ila nikueleze kama nilivyoelezwa. Zana ikishalala katika safu, anayeinyanyua kabla ya kesho hukatwa nayo. Pengine leo, pengine mwakani."

Dikpal aliinama juu ya mkeka, mkono umekwisha kunyooka. Prasuna alimwona akiurudisha nyuma, kidole kwa kidole. Kisha akatoka nje, akampigia mama yake simu. Kwa kuwa mama huyo, kama watu wengi wa milimani, aliamini kwamba umbali hushindwa kwa kupaza sauti, chumba kizima kilisikia.

"Vimelala wapi?"

"Kwenye madhabahu ya watu, mama. Nikivingoja, basi litaniacha."

"Basi litakuacha, mizimu haikuachi! Nije mimi nikavute jiwe la meko ya watu, wakalapo wazee wao waliokufa? Usiviguse! Njoo bila visu, au usije."

Dikpal akarudi ndani. "Mama ameniamulia. Mzee, naomba vikae. Kuna mtu wa Bhojpur atapita baada ya sikukuu, atanichukulia." Akainama tena, safari hii kwa kuaga. "Asante kwa kuufunga ule mpini."

Mzee Tirthaman aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alimtazama kijana yule machoni.

"Fundi anaondoka, anaacha visu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nilihama nyumba wakati wa tetemeko nikaacha sufuria, nikaacha blanketi. Tindo nilibeba. Fundi gani anaacha visu vyake?"

"Ambaye hapa hana tena la kungoja," alisema Dikpal. Hakumtazama Prasuna. Alivaa kiatu kimoja.

Juu ya kichwa cha mzee, ukutani, ilitundikwa picha ya daraja la mto Arun, nakala ambayo Prasuna alimpa baba yake siku ya maonyesho. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa: nyaya nyembamba za daraja, wachukuzi wawili, na ukungu unaopanda kutoka mtoni, unaoanza mzito kama maziwa na kwisha bila mtu kuona ulipoishia. "Tazama ukungu huu," mzee huwaambia. "Kazi ya mwanangu hii."

Prasuna aliitazama picha ile, na nafasi tupu kando ya jina lake. Akaishusha msumarini.

"Shangazi, nipe penseli."

"Penseli ipi? Ya baba yako ile pale."

Ilikuwa pale. Penseli pana ya fundi, ambayo mwaka mzima hukaa juu ya sikio la Mzee Tirthaman, ilikuwa imelala mwisho wa safu na doa lake jekundu.

"Kalamu basi. Chochote."

"Zimelala zote. Hata sindano zangu. Leo katika nyumba hii, mwanangu, hakuna kinachofanya kazi isipokuwa mdomo."

Dikpal alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu cha pili. Prasuna aliziona kamba zikipita, zikikazwa. Alijua kwamba zikimalizika kufungwa, atatoka, na yeye atabaki na mbao za kuchana peke yake.

"Baba, huu ukungu si wangu."

Sauti ilitoka ndogo. Akarudia.

"Ukungu si wangu. Nyaya ni zangu. Wachukuzi ni wangu. Ukungu ni wake."

"Wake nani?" mzee aliuliza, ingawa hapakuwa na wengi wa kuchagua.

"Wa Dikpal. Tulipofika darajani kulikuwa na jua kali. Nilikaa kwenye kibanda cha chai nikachora, nikamaliza, nikasema twende. Yeye akasema ngoja. Nikamwambia unangoja nini, daraja ndilo hilo. Akasema daraja tumeliona, mto bado haujapumua. Tukalala kwa mwenye chai, asubuhi tukauona." Alipumua. "Tuliporudi alichonga ubao wake mara mbili akautupa. Mwisho akasema ukungu hauchongwi. Akaacha ubao mtupu, akaupaka wino, akaufuta kwa kiganja. Kila nakala, upya. Ndiyo maana hakuna mbili zinazofanana. Rangi zote za picha zote ni zake, Baba. Mimi nachonga mifupa."

Mzee Tirthaman aliipokea picha kutoka mikononi mwake, akaisogeza dirishani. Alikaa nayo. Mikono yake isiyo na zana ilitafuta pa kushika, ikashika pembe za fremu.

"Mbona jina lake halipo?"

"Kwa sababu ulikuwa umesimama nyuma yangu."

Shangazi Hera aliacha kujifuta mikono.

"Sikukukataza," alisema mzee.

"Hukunikataza. Niliogopa bila kukatazwa." Sasa maneno yalikuwa yakija yenyewe, moja linavuta jingine. "Na lile la yule mchonga milango wa mtaa wa pili, ambaye watu wake wanataka kuja kuniposa Jumamosi. Ni mtu mwema. Waambie wasije. Nampenda huyu, Baba. Ningependa uridhie. Usiporidhia nitaumia, lakini sitasema tena kwamba ni mwenzangu wa kazi tu."

Dikpal alikuwa ameketi kizingitini, kiatu mguuni, kamba mkononi.

"Tirthaman," Shangazi Hera aliita, sauti imelegea kidogo. "Wewe unayetambua tindo ya kila fundi wa Patan kwa harufu. Hukujua kwamba hivi ni visu vya Bhojpur?"

Mzee aligeukia mkeka.

"Nilijua," alisema. "Chuma kile hakifichiki. Nilivikuta vimelala kando ya tindo za mtoto. Nikafikiri, kisu kisichoombewa hakiwi rafiki. Mwaka mzima kiko karibu na vidole vyake. Nikavitia kapuni. Basi. Msitafute maana nyingine."

"Hatutafuti," alisema Shangazi Hera. "Na uzi wa mpini?"

"Mpini ulikuwa umepasuka. Nani anaombea mpini uliopasuka?"

Prasuna alipita mbele ya baba yake, akaenda kizingitini, akaketi kando ya Dikpal, bega kwa bega, mbele ya macho yao wote. Hakuwahi kufanya hivyo ndani ya mji ule.

"Basi lako," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi lipo." Dikpal aliutazama mguu wake. "Umesema mbele yake."

"Nimesema."

"Sauti ilikuwa inatetemeka."

"Ilikuwa. Kwani nawe ulidhani ni rahisi?"

"La." Akaifungua kamba ya kiatu cha kwanza. "Sikudhani hata siku moja. Nilidhani haitatokea, hayo ni mambo mawili." Akafungua ya pili, akavivua vyote. "Mbao bado tutazichana. Kanuni ni kanuni."

"Tutazichana keshokutwa. Kisha?"

"Kisha nataka kuona lile soko la chumvi ulilolitaja, kule juu. Wewe utachora, mimi nitakuchelewesha."

"Na mama yako? Anakungoja."

"Nitampigia tena. Atauliza unajua kupika nini."

"Mwambie najua kuchonga."

"Atasema, Mungu wangu, wawili hao watakula mbao."

Prasuna alicheka, na kicheko kilipomtoka alijikuta anafuta macho kwa ncha ya shali. Nyuma yao Shangazi Hera alikuwa akigonga msumari wa picha kwa kisigino cha kandambili, kwa kuwa nyundo ilikuwa imelala, na Mzee Tirthaman akimwambia aipandishe kulia, si hivyo, kulia.

Picha iliponyooka, mzee akaja mpaka mlangoni. Alisimama juu yao. Dikpal alinyanyuka haraka, pekupeku.

"Sijaridhia," alisema Mzee Tirthaman. "Tusielewane vibaya. Kuna ukoo, kuna wazee, na mimi mwenyewe nina kichwa kizito. Haya mambo hayaishi siku moja."

"Naelewa, mzee."

"Lakini visu ni vyako, na mimi sinyanyui visu vya mtu. Kesho asubuhi natia watu wa nyumba alama kwenye paji, mkubwa hadi mdogo, kisha kila mmoja ananyanyua zana zake kwa mkono wake. Utakuja kunyanyua zako."

"Nije saa ngapi?"

"Mapema. Ukishaoga." Mzee alikwisha kugeuka kurudi kwenye mkeka, na yaliyobaki aliyasema kwa mgongo. "Na usipite mahali ukanywa chai njiani. Katika nyumba hii hatuli kitu mpaka wote tumetiwa alama."